Baipasi ya mguu: maswali ya wagonjwa na wauguzaji kuhusu kuifanya damu ipite na mguu usikatwe

Ukurasa huu ni wa mgonjwa aliyeambiwa kuwa damu haifiki mguuni, na wa ndugu anayemuuguza. Maswali ni yale tunayoulizwa kando ya kitanda, kwenye benchi la kliniki ya vidonda na kwenye simu. Daktari aliyemwona mgonjwa wako na kumshika mguu ndiye mwenye neno la mwisho, lakini ukijua la kumuuliza, mazungumzo yenu yatakuwa mengine.

Kidole gumba cha baba kimekuwa cheusi na tumeambiwa akatwe mguu. Hakuna njia nyingine?

Kabla hamjakubali wala kukataa, ulizeni jambo moja: je, damu inafika kwenye unyayo wake? Na jibu litoke kwenye kipimo, si kwenye kukisia.

Kipimo cha kwanza ni rahisi. Presha ya kifundo cha mguu inapimwa, kisha inagawanywa kwa presha ya mkono. Kwa mtu mzima mwenye afya jibu huwa karibu na 1 au zaidi kidogo. Likishuka chini ya 0.9, ateri za mguu, yaani mishipa inayoleta damu kutoka moyoni, zimeanza kuziba. Likishuka chini ya 0.4, mguu uko hatarini. Kwa mwenye kisukari wa miaka mingi kipimo hiki kinaweza kudanganya, kwa sababu ateri zake zimejaa chokaa na hazibinyiki, hivyo jibu linatoka 1.4 au zaidi huku vidole vinakufa. Hapo inapimwa presha ya kidole gumba chenyewe. Ikiwa chini ya milimita 30 za zebaki, kidonda hakitarajiwi kupona mpaka damu irudishwe.

Nimeona mara nyingi mno familia zikipitia njia hii: kidole kinakatwa, jeraha halifungi, unakatwa nusu unyayo, halifungi, mwisho unakatwa mguu juu ya goti. Kila mara kisu kilipita kwenye nyama isiyo na damu. Utaratibu unaookoa mguu ni huu: kama kuna usaha, ufunguliwe siku hiyohiyo bila kusubiri chochote, kisha damu irudishwe, kisha ndipo sehemu zilizokufa ziondolewe. Si kila kidonda cha kisukari kinahitaji baipasi. Wengi kidonda kimewapata kwa sababu ya ganzi, kiatu kibaya na maambukizi, na damu yao inapita vizuri. Ndiyo maana kipimo kinatangulia.

Baipasi ni nini hasa?

Ni njia ya mchepuko. Barabara kuu imefungwa, basi inachongwa nyingine pembeni. Daktari wa upasuaji wa mishipa anachukua mshipa, anaushona juu ya sehemu iliyoziba, kwa kawaida kwenye kinena, na upande wa pili anaushona chini yake: nyuma ya goti, kwenye muundi, au hata kwenye unyayo. Ateri iliyoziba inaachwa palepale ilipo.

Operesheni hii si ngeni. Mfaransa Jean Kunlin aliifanya Paris mwaka 1948 kwa kutumia vena ya mgonjwa mwenyewe, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, na mpaka leo vena hiyohiyo ndiyo inayotafutwa kwanza.

Kwa nini wanahangaika na mshipa wake mwenyewe wakati wa plastiki upo?

Kwa sababu wake mwenyewe una uhai. Ndani umetandazwa utando laini usiopenda damu igande juu yake, unavumilia maambukizi kuliko plastiki, na unakunjika na goti bila kuharibika. Vena inayotumiwa zaidi ni ile ndefu inayopita upande wa ndani wa mguu, kuanzia kifundo hadi kinena. Juu ya goti plastiki inaweza kusaidia kwa muda mzuri. Chini ya goti, ambako ateri ni nyembamba, vena inaishinda plastiki kwa mbali.

Vena ina vali zinazoruhusu damu ipande tu kurudi moyoni, nasi tunataka ishuke. Kwa hiyo daktari ama anaitoa na kuigeuza juu chini, ama anaiacha mahali pake na kuzikata vali kwa kifaa maalumu.

Upana wa vena unabeba mambo mengi. Kanuni ya majimaji yanayopita bombani inasema mtiririko unafuata kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne. Bomba la milimita 4 halipitishi mara mbili ya lile la milimita 2. Linapitisha mara 16, mengine yote yakiwa sawa. Ndiyo sababu ultrasaundi inapitishwa kwenye miguu yote miwili kabla ya operesheni, na daktari anafurahi akikuta vena ya milimita 3 au zaidi. Chini ya hapo hatari ya kuziba inapanda.

Kuna jambo hapa ambalo ndugu wanaweza kulifanya leo bila gharama yoyote. Mgonjwa anayeweza kuhitaji baipasi asichomwe dripu ovyo. Sindano za dripu zinaharibu vena, na vena ya mkono iliyoharibiwa wodini inaweza kuwa ndiyo ambayo ingeokoa mguu. Mwambieni muuguzi kwa heshima: tafadhali, tumia vena za nyuma ya kiganja, na miguu usiiguse.

Vena zake za miguu zilishatumika kwenye operesheni ya moyo. Ndiyo basi?

Hapana. Zipo vena za mikono, na vipande viwili au vitatu vinaweza kuunganishwa vikawa mshipa mmoja mrefu. Ni kazi ya saa nyingi, lakini inafaa.

Zikikosekana kabisa, plastiki inatumika, na kuna namna za kuisaidia. Mojawapo ni kushona kola fupi ya vena mahali plastiki inapokutana na ateri ya chini, ili kisikutane kitu kigumu na kitu laini. Daktari Justin Miller wa Australia aliieleza mwaka 1984 na kola hiyo ikabeba jina lake. Katika jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 1997, miaka miwili baada ya operesheni za chini ya goti, mishipa ya plastiki yenye kola ilikuwa bado inapitisha damu kwa asilimia 52, isiyo na kola asilimia 29. Jaribio la baadaye la nchi za Skandinavia halikuona faida hiyo, kwa hiyo usishangae madaktari wawili wakitofautiana. Ipo pia plastiki iliyopakwa heparini kwa ndani, dawa inayozuia damu kuganda.

Daktari ametaja kuunganisha ateri na vena kule chini ili damu iende kasi. Si damu itapotea?

Swali zuri, na jibu lake ndilo moyo wa jambo zima.

Mtu aliyekulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro anaijua mifereji ya maji. Mfereji unahitaji vitu vitatu: chanzo chenye maji, mtaro usio na ufa wala kifusi, na shamba linaloyapokea maji kule chini. Shamba likikataa maji, mtaro hata uwe mzuri namna gani, maji yatatuama, na yakituama tope litashuka na kuujaza. Mshipa uliopandikizwa ni vivyo hivyo. Damu ikienda polepole humo ndani, inaganda. Mshipa huu unaishi kwa mtiririko.

Sasa, kwa wagonjwa wengine, hasa wa kisukari na wa figo, ateri ndogo za unyayo zimeharibika kiasi kwamba damu ikifika chini haina pa kwenda. Wazo la kuunganisha ateri na vena karibu na mwisho wa baipasi ni kuifungulia damu mlango wa pili. Vena haina upinzani mkubwa, kwa hiyo damu inakimbia ndani ya mshipa uliopandikizwa, na mshipa hauzibi haraka.

Hofu yako ina msingi. Tundu likiwa kubwa, damu inakimbilia kwenye vena na kurudi moyoni huku vidole vikibaki na njaa. Mguu unaweza kuvimba, na moyo uliochoka unaongezewa kazi. Majaribio yaliyolinganisha wagonjwa waliofanyiwa na wasiofanyiwa hayakuonyesha faida ya wazi. Kwa hiyo si jambo la kila mtu. Hufikiriwa pale plastiki inaposhonwa kwenye ateri nyembamba sana na mbadala wake ni kukata. Muulize daktari wako kwa nini anaona mguu huu mahususi unaihitaji.

Sehemu ya juu ya mfereji nayo isisahaulike. Kama ateri za nyonga zimebana, baipasi iliyoanzia kwenye kinena itapokea damu dhaifu tangu siku ya kwanza. Mara nyingi nyonga inafunguliwa kwanza kwa puto dogo linalojazwa ndani ya ateri ili kuipanua, na stenti, kijibomba cha wavu kinachoizuia isibane tena, pengine katika operesheni ileile.

Kwa nini asifunguliwe kwa puto tu, bila kupasuliwa?

Kwa wengi puto linatosha, na mgonjwa anarudi nyumbani mapema. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022, wenye wagonjwa 1,830 wengi wao wa Marekani, ulikuta kwamba wale wenye vena nzuri walinufaika zaidi na baipasi: matukio makubwa ya mguu (kukatwa juu ya kifundo au kurudiwa matibabu makubwa ya mishipa) au kifo yaliwapata asilimia 42.6, dhidi ya 57.4 waliofunguliwa kwa puto. Wasio na vena nzuri hawakuonyesha tofauti ya maana. Mwaka uliofuata utafiti wa Uingereza wenye wagonjwa 345, waliokuwa na ateri zilizoziba chini ya goti, ulielekea upande wa puto. Ninavyousoma ushahidi huu mimi: mgonjwa mwenye vena nzuri na nguvu za kuhimili upasuaji asinyimwe nafasi ya baipasi kwa sababu tu puto ni jepesi. Na mzee mwenye moyo dhaifu asiburutwe kwenye operesheni ya saa sita kwa sababu daktari wake anaipenda.

Watajuaje pale mezani kwamba damu inapita?

Wanasikiliza kwa kifaa cha sauti, wanapiga picha ya mishipa kwa dawa ya kung'arisha, au wanapima mililita zinazopita kwa dakika. Wakati mwingine wanachoma papaverini ndani ya mshipa ili ateri ndogo zilegee, waone mtiririko unapanda kiasi gani. Usipopanda, wanatafuta kosa kabla ya kufunga ngozi. Mshipa unaoziba ndani ya siku 30 za kwanza mara nyingi umeponzwa na jambo la kiufundi: vali iliyosahaulika, mshono uliobana, mshipa uliojipinda.

Mguu umevimba baada ya operesheni. Umeharibika?

Kwa kawaida sivyo. Kuvimba ni jambo la karibu kila mgonjwa, na kunaweza kuchukua wiki hadi miezi kadhaa. Anapokaa ainue mguu juu ya stuli, asikunje nne. Akiona wekundu unaosambaa, usaha, homa, au shavu la mguu limekuwa gumu na linauma, arudi hospitali.

Dawa zote hizi anameza mpaka lini?

Maisha yake yote, kwa sehemu kubwa. Najua ni neno zito kwa familia inayolipa mfukoni, kwa hiyo nieleze kila moja inafanya nini.

Aspirini, au klopidogreli badala yake, inazuia chembe za damu zisishikamane. Ndiyo msingi. Statini inashusha lehemu na kutuliza kuta za ateri; wengi wanaiacha kwa kuwa "kolesteroli yangu imepimwa iko sawa", na hapo wanakosea, maana kwa mtu aliyeziba mishipa inatolewa hata kama kipimo ni kizuri.

Dawa nzito za kuzuia kuganda si za kila mtu. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2000, wenye wagonjwa 2,690, ulionyesha kwamba dawa za jamii ya warfarini ziliisaidia zaidi mishipa ya vena, na aspirini iliisaidia zaidi ya plastiki. Lakini waliopewa dawa hizo walivuja damu zaidi. Mwaka 2020 utafiti wa wagonjwa 6,564 ulionyesha kwamba rivaroksabani, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, ya miligramu 2.5 mara mbili kwa siku pamoja na aspirini inapunguza miguu kuziba ghafla, nayo kwa gharama ya kuvuja damu zaidi kidogo. Daktari anapima hatari hizo mbili kwa kila mtu.

Nakuomba sana jambo moja. Mgonjwa anayemeza dawa hizi asinunuliwe diklofenaki wala vidonge vya maumivu vya namna hiyo dukani. Vinachoma tumbo, vinaumiza figo, na vikichanganyika na dawa ya kuzuia kuganda mtu anaweza kutapika damu. Parasetamoli kwanza, na ikishindwa arudi kliniki. Mkimpa dawa za miti shamba mwambieni daktari, hatawafukuza. Na kama fedha imeisha na dawa moja lazima isubiri, pigeni simu kliniki muulize ni ipi, msiamue nyumbani.

Baba anavuta sigara mbili tu kwa siku sasa. Zina ubaya?

Zina ubaya. Tafiti zilizounganishwa zimeonyesha kwamba kwa mvutaji hatari ya mshipa uliopandikizwa kuziba ni karibu mara tatu ya asiyevuta, na waliokuja kuacha walikaribia waliokuwa hawavuti. Hakuna kidonge tunachompa chenye nguvu kama hiyo. Ugoro na tumbaku ya kutafuna asivifanye kimbilio. Asiachwe apambane peke yake: nyumba nzima iache kuvuta mbele yake.

Mguu umepona na anatembea. Kwa nini aje kliniki tena na nauli ni ghali?

Kwa sababu mshipa unabana kimyakimya. Kati ya mwezi wa kwanza na mwaka wa pili, mwili unajenga tishu ndani ya mshipa, hasa kwenye mishono na mahali palipokuwa na vali, kama kovu linalokua kwa ndani. Mgonjwa hasikii kitu. Siku njia inapofikia wembamba fulani, damu inapungua kasi, inaganda, na mshipa wote unaziba kwa usiku mmoja. Ukigunduliwa ungali unapitisha, unapanuliwa kwa puto au kukarabatiwa na unadumu. Ukishaziba, hata ukifunguliwa, mara nyingi hausimami tena kama zamani.

Ratiba ya kawaida ni mwezi 1, 3, 6 na 12, kisha kila mwaka. Kwenye ultrasaundi wanatafuta mahali damu inaporuka kasi ghafla: zaidi ya sentimita 300 kwa sekunde, au mara tatu na nusu ya kasi ya hapo juu kidogo, ni alama ya kubana. Na kama kasi ya mshipa mzima imeshuka chini ya sentimita 45 kwa sekunde, unakaribia kuganda.

Nisifiche kwamba jaribio la Uingereza la mwaka 2005, lenye wagonjwa 594, halikuona ultrasaundi ikiokoa miguu mingi kuliko uchunguzi wa kawaida wa daktari. Lakini mazingira yao si ya kwetu. Wa kwetu anayetoka safari ya siku nzima kwa basi hana nafasi ya kusubiri dalili. Kama ultrasaundi haipo, kifaa kidogo cha mkononi cha kusikiliza damu na kipimo cha presha ya kifundo vinatosha kuonyesha kwamba hali imeshuka tangu mara iliyopita. Namba ziandikwe kwenye daftari la mgonjwa, na daftari likae naye.

Nyumbani tufanye nini, na tusifanye nini?

Msimchue mguu. Baipasi nyingine zinapita chini tu ya ngozi, unaweza kuona zikidunda, na mkono wa mchuaji unaweza kuziua. Soksi zenye mpira mkali na bandeji za kubana zisiguse njia ya mshipa bila ruhusa ya aliyeupandikiza.

Msimkande kwa maji ya moto, wala chupa ya moto, wala mkaa chini ya kitanda. Mwenye ganzi hasikii akiungua. Inakuja kuonekana asubuhi ngozi imevuliwa. Joto la blanketi linatosha.

Miguu ikaguliwe kila jioni, na katikati ya vidole pia. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Asitembee peku hata uani. Atembee kila siku kadiri kidonda kinavyoruhusu, kwa sababu misuli inayofanya kazi inaita damu. Sukari na presha vishikwe. Anywe maji ya kutosha, hasa akiharisha au kutapika, maana mwili uliokauka unaganda damu kwa urahisi. Anayetaka kufunga Ramadhani azungumze na daktari mapema, kwa ajili ya maji na saa za dawa. Wengine watapangiwa dawa zao kwa futari na daku, wengine wataambiwa wasifunge, na dini imemwachia mgonjwa nafasi hiyo.

Na mfundisheni mtu mmoja wa nyumbani kushika mapigo ya unyayo au ya kifundo, kabla hajaruhusiwa kutoka hospitali. Muuguzi atamwonyesha mahali. Dakika tano tu.

Kuna mtu asiyefaa baipasi?

Wapo. Mtu ambaye hajasimama kwa muda mrefu na goti limeshajikunja, mguu ambao nyama ya kukanyagia imeisha yote, maambukizi yaliyokwisha kuingia kwenye damu. Kwa hao kukatwa mguu mapema na vizuri kunaweza kuwa ndiko kunakookoa maisha, na kukichelewa kwa aibu au kwa kusubiri muujiza kunaua. Mwenye kukatwa chini ya goti, akipata mguu wa bandia na mazoezi, anaweza kutembea tena hadi sokoni na msikitini au kanisani. Msimfiche ukweli huu mgonjwa. Mguu ni wake.

Usiku mguu umekuwa baridi ghafla na unauma. Tusubiri asubuhi?

Msisubiri. Mguu uliofanyiwa baipasi ukiuma ghafla, ukapauka, ukawa baridi, mapigo yakapotea, ukaingia ganzi, au vidole vikashindwa kusogea, mshipa huenda umeziba. Misuli isiyopata damu kabisa inaanza kufa ndani ya saa chache. Sita ndizo zinazotajwa mara nyingi, nazo zinahesabiwa tangu maumivu yaanze, si tangu mfike getini. Bonge la damu linaweza kutolewa au kuyeyushwa na mguu ukapona, ilimradi muda upo. Ganzi na kushindwa kusogeza vidole ni dalili kwamba muda unakwisha.

Msikande, msichue, msiinue mguu juu ya mto. Uacheni ulale sawa au uning'inie kidogo, mfunikeni kwa nguo nyepesi. Asile wala kunywa zaidi, anaweza kuhitaji kupasuliwa. Chukueni daftari na dawa zake zote. Mkiwa njiani pigeni simu hospitali iliyompasua mseme maneno haya: ana baipasi ya mguu, imeziba, ilianza saa fulani. Mkifika zahanati ya karibu kwanza, ombeni rufaa papo hapo, msikubali kulazwa hapo mpaka kesho.